Jua, Ozoni na Kidonda Kisichopona: Maswali Ninayoulizwa Kliniki ya Ngozi

Mimi ni tabibu wa ngozi, nazunguka vijiji vya pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Wagonjwa wangu wengi ni watu wa juani: wanawake wa mwani, wavuvi, wauza madafu, vijana wa ufukweni, na watu wenye ualbino wanaofanya kazi hizo hizo kwa ngozi isiyo na kinga. Wakishakaa kwenye benchi, mara nyingi swali la kwanza halihusu ngozi. Wanauliza habari za dunia. Jua hili limekuwaje? Ni kweli kuna tundu huko juu? Ndiyo hayo mabadiliko ya tabianchi ya kwenye redio? Maswali mazuri kabisa, ila mara nyingi anayeuliza ana kidonda cha miezi minane chini ya kofia. Kwa hiyo nimeyaandika ya juu na ya mwilini kwa pamoja, kama yanavyonijia.

Ozoni ni kitu gani hasa?

Ni gesi. Oksijeni tunayovuta ina atomi mbili mbili, ozoni ina tatu. Sehemu kubwa iko juu sana, kati ya kilomita 15 na 35 hivi kutoka ardhini, na kazi yake ni kunyonya mionzi ya urujuanimno ya jua ili isitufikie yote. Usidhani ni paa nene. Ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako ukiishusha hapa chini na kuikandamiza, unapata utando wa milimita 3 tu hivi.

Kuna ozoni nyingine ya chini, inayotokea jua likipiga moshi wa magari na viwanda. Hiyo ni sumu ya mapafu, tuiache leo.

Tundu la ozoni liko juu yetu?

Hapana. Liko Antaktika, ncha ya kusini ya dunia, na hufunguka kila mwaka kuanzia Agosti hivi, likafunga mwaka unapokaribia kwisha. Walioligundua ni Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wakatangaza mwaka 1985 kwa vipimo vya kituo chao cha Halley. Onyo lilikuwapo kabla. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walikuwa wameshasema kwamba gesi za klorofluorokaboni, zile za friji za zamani na makopo ya kupulizia, zitapanda juu, zitavunjwa na jua na kuachia klorini itakayokula ozoni. Mwaka 1995 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Crutzen.

Shida yetu sisi ni ya kuzaliwa nayo. Karibu na ikweta tabaka la ozoni ni jembamba kwa asili, na jua linatusimamia utosini. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, ukisimama nje mchana kivuli chako kinajificha chini ya nyayo. Siku hizo mionzi inashuka wima, kwa njia fupi, ikipita ozoni kidogo. Kipimo cha mionzi kinachotumika duniani kinahesabu 11 na kuendelea kuwa hatari kupita kiasi, na mchana wetu wa jua kali unafika huko bila tundu lolote.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Dokta, jua la siku hizi limeharibika, zamani watu hawakuugua hivi," namwambia waliugua. Jua hili hili liliwala wenye ualbino wa zama za babu zetu. Walikufa vijana, na hakuna aliyeandika wamekufa kwa nini.

Basi ozoni na mabadiliko ya tabianchi ni kitu kimoja?

Si kimoja, na ukivichanganya utaumia. Mabadiliko ya tabianchi ni habari ya joto: hewa ya ukaa na wenzake wananasa joto lisitoke, dunia inapata homa. Kupungua kwa ozoni ni habari ya mionzi. Na tofauti kubwa kwako wewe ni hii: joto unalisikia, mionzi huisikii.

Nalirudia kila kliniki. Kipupwe kikiingia na kusi ikavuma, watu wanatupa kofia ndani. "Leo hakuna jua, dokta." Jua lipo! Kilichokosekana ni joto. Wingu jepesi linapitisha sehemu kubwa ya mionzi. Upepo unapoza ngozi lakini haupunguzi mionzi hata chembe. Nimewaona wavuvi wakirudi siku ya wingu, midomo imepasuka na pua imebabuka, wanashangaa wameungulia wapi.

Lakini si vinaungana mahali fulani?

Vinaungana, tena mahali pengi.

Kwanza mwizi ni yule yule. Klorofluorokaboni zinazokula ozoni ni gesi za joto pia. Moja yao, ile ya friji za kizamani, uzito kwa uzito inapasha dunia kama mara elfu kumi zaidi ya hewa ya ukaa. Zilizokuja kuziba pengo lake, gesi za hidrofluorokaboni kama 134, hazina klorini na haziligusi tabaka la ozoni, lakini joto wanalijua: hiyo 134 ni zaidi ya mara elfu moja ya ukaa.

Pili, hewa ya ukaa inapasha huku chini na wakati huo huo inapoza kule juu. Wagonjwa wengi hawaniamini nikisema hivyo, lakini ndivyo. Na baridi ya juu ina kazi mbaya kwenye ncha za dunia, kwa sababu kukiwa na baridi kali sana yanatokea mawingu ya barafu ambayo klorini inayatumia kama meza ya kulia ozoni. Mwaka 2020, ncha ya kaskazini ilikaa na baridi ya juu kwa muda mrefu, na majira ya kuchipua yalipofika ozoni ya huko ilikuwa imepungua vibaya, jambo lisilo la kawaida upande ule.

Tatu ni moto. Misitu ya Australia iliyowaka mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 ilirusha moshi mpaka kwenye tabaka la ozoni, na moshi ule ukasaidia klorini kulitafuna. Ukame na joto vinaongeza mioto ya namna hiyo. Ndipo ujue dunia haina vyumba.

Na kuna upande wa kurudi, yaani ozoni kuibadilisha hali ya hewa. Tundu la Antaktika limesogeza pepo za kusini mwa dunia zikajongea kwenye ncha, na mvua za majira ya joto za nchi za huko zikahama nazo. Zamani tulifundishwa tundu ni la mionzi tu. Sasa linajulikana kuwa linagusa mvua.

Kwetu baharini inaonekana wapi?

Kwenye mwani, kwanza kabisa. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, na wanawake wa Paje na Jambiani wanaweza kukueleza kuliko mtaalamu yeyote. Aina yenye bei nzuri, wanayoiita kotonii, haivumilii maji ya moto. Maji yakikupwa, yale yanayobaki kwenye kina kifupi yanapata joto, tena ni maangavu, mwanga na mionzi vinazama mpaka chini. Mwani unapauka, unalainika, unakatika kwenye kamba, mavuno yanaelea. Wengi wamebaki na ile aina nyingine ya bei ndogo kwa sababu inastahimili. Ushauri ni kuusogeza mwani kwenye maji ya kina. Ushauri mzuri, lakini unataka chombo na mtu anayejua kuogelea, na mama zetu wengi hawajui.

Matumbawe nayo yana kisa hicho hicho. Rangi ya tumbawe ni vijimea vidogo sana vinavyoishi ndani yake na kulilisha. Maji yakizidi joto linavitema, linabaki jeupe, na joto likidumu linakufa njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya upande huu wa Bahari ya Hindi yalikufa hivyo, na mwaka 2016 yakapigwa tena. Joto ndilo muuaji mkuu. Lakini bahari ikitulia na maji yakawa maangavu, mionzi inafika chini zaidi na kumwongezea mgonjwa ugonjwa. Huo ndio ushirikiano wao: mmoja anakuchosha, mwingine anakumalizia.

Halafu zile taitai, kamba ndogo za plastiki za kufungia mwani. Chukua iliyokaa juani msimu mmoja, uisugue kwa vidole. Inakuwa unga. Mionzi inaikata plastiki na joto linaharakisha, na unga ule unaingia majini, samaki wanaula. Nina moja mezani kliniki. Humwonyesha mgonjwa nikamwambia: ikiwa jua linaifanya hivi kamba, wewe unategemea litaifanya nini ngozi ya sikio lako?

Joto na mionzi vikikutana kwenye mwili wa mtu?

Joto linakuvua nguo, mionzi inakuunguza. Kwangu mimi hapa ndipo tabianchi na ozoni vinapokutana kila siku, kuliko huko mawinguni. Kadiri siku zinavyozidi joto, ndivyo kijana anavyovua fulana, mwenye ualbino anavyokunja mikono ya shati, mvuvi anavyoiacha kofia kwa sababu "inapika kichwa". Ozoni haikuhitaji kupungua hata kidogo. Ni nguo ndiyo iliyopungua.

Na mama wa mwani ana mtihani wake. Sisi watabibu tunasema, kaa ndani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Vizuri. Sasa siku za bamvua, ambazo ndizo za kazi, maji ya kwetu hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi. Anaingia saa mbili, anatoka saa saba. Bahari haisomi mabango ya afya! Simwambii mtu aache riziki. Namwambia afunike: gauni la mikono mirefu la kitambaa kilichoshikana, pama pana la ukili linalofunika masikio na kisogo, na kanga kavu ya akiba, kwa sababu kanga nyembamba ikilowa inapitisha mionzi zaidi. Mchanga mweupe na povu la maji vinarudisha mionzi kutoka chini, kwa hiyo hata chini ya kofia pua na midomo vinapigwa. Maji ya kunywa abebe, asingoje kiu. Akiona kichwa kinauma, anatapika au anaongea ovyo, hiyo ni dharura ya joto: kivulini, mwagia maji, kimbiza kituo cha afya.

Nina kidonda cha juani. Kinatoka damu, kinakauka, kinatoka tena. Nisubiri mpaka lini?

Usisubiri. Kidonda chochote cha usoni, sikioni, mdomoni, shingoni au mgongoni mwa mkono ambacho hakijapona ndani ya wiki nne ni cha hospitali. Kwa mwenye ualbino, hata wiki nne nakupa kwa shingo upande.

Lakini hakiumi.

Ndiyo maana kinanitia wasiwasi. Jipu linauma. Saratani ya ngozi mwanzoni haiumi, inakaa kimya. Ikianza kuuma imeshafika mbali. Njoo kabla haijauma.

Mwezi uliopita kilipona, sasa kimerudi.

Hakikupona. Kilifunga juu, chini kikaendelea. Kidonda kinachofunga na kufunguka mahali pale pale hakijapona hata siku moja. Njoo.

Nimepewa dawa ya kienyeji, nimalize dozi kwanza?

Hapana. Njoo leo na dozi yako. Sina ugomvi na mzee wako, nina ugomvi na kalenda. Kila wiki unayomalizia dozi, kidonda kinakula.

Nasikia kikiguswa na kisu kinasambaa.

Huu ndio uongo unaotuulia watu wengi, na nitaujibu mara tatu. Kisu hakisambazi saratani ya ngozi. Kuchelewa ndiko kunakosambaza. Wanaokufa baada ya kukatwa ni wale waliokuja wakati imeshaingia kwenye mitoki ya shingo, wakakatwa kama jaribio la mwisho, na majirani wakasema, "Si mnaona? Alikatwa akafa." Hawakumhesabu yule aliyekuja na kipele cha ukubwa wa punje ya mahindi, akapigwa ganzi, kikatolewa, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo na plasta. Huyo hana hadithi ya kusimulia, ndiyo maana humsikii.

Kisu hakisambazi. Kinatoa. Tena kinyama kinachokatwa kinakwenda maabara, ndipo tunajua ni nini hasa na kama kimetoka chote.

Acha niwaeleze mmoja. Kijana mwenye ualbino, umri wa ishirini na kitu, aliingia ameshika leso kwenye sikio. Kabla hajakaa chumba kilishanuka. Nilipoiondoa leso, juu ya kidonda kulikuwa na gamba la njano gumu kama udongo. Ni unga wa vidonge vya rangi mbili, ule wa kufungua kapsuli na kumwagia, tabaka juu ya tabaka. Chini ya gamba sehemu ya juu ya sikio haikuwapo. Nikamuuliza kilianza lini. "Mwaka jana, wakati wa kusi. Kilikuwa kipele tu." Shingoni nilipapasa mtoki mgumu kama kokwa. Huyo safari yake haikuwa ya plasta tena, ilikuwa ya boti kwenda Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, kuchomwa mionzi ya tiba baada ya operesheni kubwa. Kipele kile angekileta wakati wa kusi, tungekimaliza kabla ya kaskazi.

Unga wa kapsuli haufanyi kazi yoyote kwenye kidonda cha namna hii. Hata dawa ya meno, majivu au oili chafu ya pikipiki. Naomba radhi kwa ukali, lakini nimeyakwangua yote haya kwa mikono yangu na nimechoka.

Kabla ya kidonda kuna dalili?

Zipo. Pitisha kidole kwenye paji la uso, juu ya masikio, kwenye mdomo wa chini. Ukikuta mahali panakwaruza kama msasa, gamba kavu linalorudi kila ukilibandua, hilo ndilo la kuleta. Tunaligandisha kwa naitrojeni ya baridi kali au tunakupa krimu, kazi ya dakika chache. Mama mwenye mtoto mwenye ualbino, fanya hivi kila Ijumaa ukimwogesha. Na akianza shule, mwalimu aambiwe asimpange mstari wa juani wala kumpa adhabu ya kufyeka mchana.

Mimi ni mweusi, hayo yananihusu?

Weusi ni kinga nzuri kwa ngozi, sikatai. Saratani ya jua kwa mtu mweusi si jambo la kila siku. Lakini una mambo mawili.

Moja ni kovu. Kovu la moto la zamani, au kidonda ndugu kilichokaa mguuni miaka, kikianza kuota nyama pembeni, kunuka au kutoka damu, kinaweza kuwa kimegeuka saratani. Hapa jua halihusiki, kanuni ni ile ile: njoo.

La pili ni macho. Jicho halina weusi wa kulikinga. Mionzi ya miaka inachangia mtoto wa jicho, na inaotesha ile nyama inayotambaa kutoka kwenye kona kuelekea kwenye kioo cha jicho, ambayo wavuvi na madereva wa bodaboda wanayo sana. Nyingi hazina hatari ya kuua. Ila nyama inayokua haraka juu ya weupe wa jicho, hasa kwa anayeishi na VVU, inaweza kuwa saratani. Usidondoshee maziwa wala asali. Daktari wa macho, wiki hii. Miwani nzuri ni ile iliyoandikwa kwamba inazuia mionzi ya urujuanimno. Weusi wa kioo peke yake haukingi kitu.

Na mkorogo?

Unalipa hela ili uvue kinga uliyopewa bure, kisha unakwenda kusimama juani. Mkorogo wenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi unaipunguza rangi inayozuia mionzi na kuichosha ngozi yenyewe. Zebaki inakwenda mpaka kwenye figo. Acha. Kama uso umeshakuwa mwekundu na unawasha ukiacha, njoo tukusaidie kuacha, usirudie kopo lile kwa sababu ya muwasho.

Losheni ya jua inatumikaje? Na si inaua matumbawe?

Inapakwa mchana, kabla ya kutoka, kwa wingi, na kurudiwa kila baada ya saa mbili au ukitoka majini. Nasema mchana kwa sababu kuna waliokuwa wakiipaka usiku kama krimu ya urembo, na kuna nyumba ambapo chupa moja ya mtoto mwenye ualbino inapakwa na dada zake wanne. Chupa ile ni dawa ya mtu. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, inatengenezwa losheni kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kama huipati, nguo na pama vinafanya kazi kubwa kuliko losheni yoyote, na hata ukiipata usivivue.

Matumbawe? Kweli, baadhi ya kemikali za losheni zinawekewa mashaka, na Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia mbili kati yake zisiuzwe. Mtalii anayeoga baharini na chupa nzima achague yenye zinki. Lakini kinachoua matumbawe yetu ni maji ya moto, na sitaki kusikia mtu mwenye ualbino ananyimwa losheni kwa jina la mazingira.

Redioni wamesema ozoni inapona. Basi si yameisha?

Inapona, na hiyo ni habari njema ya kweli. Mataifa yalikubaliana Montreal mwaka 1987 kuziacha gesi zile, na leo pande zote 198 zimo kwenye mkataba. Kwa makadirio ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, mambo yakienda hivi tabaka litarudi kama lilivyokuwa mwaka 1980 kufikia 2040 hivi sehemu kubwa ya dunia, na Antaktika kufikia 2066 hivi. Mkataba huo unakadiriwa kuepusha hadi wagonjwa milioni 2 wa saratani ya ngozi kila mwaka kufikia 2030. Halafu mwaka 2016 pale Kigali, Rwanda, wakaongeza makubaliano ya kupunguza zile hidrofluorokaboni zilizokuja kuziba pengo, kwa ajili ya joto: hadi nusu nyuzi ya Selsiasi inaweza kuepukwa ifikapo mwisho wa karne.

Hapa nina neno na mafundi friji. Ukifungua mpira na gesi ikapiga "shaaa" hewani, ndiyo hiyo. Gesi 22 inakula ozoni na inapasha dunia zaidi ya mara elfu ya ukaa, na nchi zetu zinatakiwa ziwe zimeachana na kundi lake kufikia 2030. Inyonywe irudishwe kwenye mtungi. Na wewe mwenye friji, acha kuongeza gesi kila miezi mitatu kwenye bomba linalovuja; ziba kwanza.

Lakini kupona kwa ozoni ni kurudi kulikokuwa mwanzo, na mwanzo wetu hapa ikweta ni jua la utosini. Mwaka 2040 mtoto mwenye ualbino wa Jambiani atahitaji pama lile lile.

Nikija kliniki nije na nini?

Kadi kama unayo, na dawa zote ulizopaka, hata za kuonea aibu. Sitakugombeza mbele za watu. Asubuhi hiyo kioshe kidonda kwa maji safi na sabuni, ukifunike kwa kitambaa safi, usikipake kitu. Kama kimeshafunikwa na unga wa kapsuli usikibandue mwenyewe, kitatoka damu njiani. Tutakilowesha kwa maji ya chumvi nusu saa kwanza, gamba lilegee.